Nyumba Moja, Ng'ambo Mbili: Misako ya Uhamiaji na Maisha ya Familia Kandokando ya Ziwa Tanganyika

Sheria ya uhamiaji humsoma mtu mmoja mmoja: jina lake, mahali alipozaliwa, karatasi aliyo nayo mkononi na tarehe iliyogongwa juu yake, lakini pigo la sheria hiyo, linapotua, hupokewa na nyumba nzima, wakiwemo wale ambao sheria yenyewe haina ugomvi nao wowote. Kwa sababu hiyo misako ya wageni, yaani zile operesheni ambamo polisi, maofisa wa uhamiaji na wakati mwingine wanajeshi hupita nyumba kwa nyumba, sokoni na barabarani wakiwatafuta wasio na vibali, haiwezi kuelezwa kwa habari za mipaka na mihuri peke yake, kwani inagusa pia afya, ndoa, usingizi wa watoto na chungu kilichoko mekoni. Wataalamu wanapozungumzia utekelezaji wa sheria za uhamiaji huwa na maana ya hatua tatu zinazofuatana, ambazo ni kukamatwa, kuwekwa kizuizini na kuondoshwa nchini, na kila hatua ina namna yake ya kuigusa familia, ingawa sehemu kubwa ya madhara huanza kabla hata ya hatua ya kwanza.

Mtu anayeishi Pepa, juu kwenye nyanda za Marungu upande wa Kongo, ambako baridi ya asubuhi na malisho ya ng'ombe humfanya mgeni asahau kwamba ziwa haliko mbali, anaweza kudhani kwamba mambo hayo ni ya watu wa bandarini, wa Kalemie na Moba, au ya wale waliokwisha kufika Ulaya na Marekani. Dhana hiyo haidumu mbele ya historia ya nyanda zenyewe. Mwishoni mwa mwaka 2000 mapigano yalipita Pepa na kuteremka kusini hadi Pweto, mji ulioanguka mwanzoni mwa Desemba, na makumi ya maelfu ya watu wakaingia Zambia, ambako wengi walipokewa katika kambi za Kala na Mwange; wengine, tangu vita vya 1996 na 1998, walikuwa wameshavuka maji kuelekea Kigoma, Tanzania. Walioondoka hawakukaa ng'ambo kama mizigo ghalani wakingoja kurudishwa, bali walilima, walivua, walioa na kuolewa, wakazaa, na watoto wao wakaanza shule kwa lafudhi nyingine. Serikali ya nchi iliyowapokea inapoamua siku moja kuhesabu nani ni wake na nani si wake, hesabu hiyo hufika hadi Marungu, ama kwa njia ya mtu anayeshuka kutoka chomboni akiwa na mfuko mmoja, ama kwa njia ya fedha zilizokuwa zikitumwa kwa simu kila mwezi na ambazo ghafla hazitumwi tena.

Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilomita zipatazo 670 na upana wa wastani wa kilomita 50 hivi, nalo kwa vizazi vingi lilikuwa barabara kabla halijafanywa ukuta. Waholoholo wako pande zote mbili za maji, na Watabwa wa Marungu wana ndugu zao kaskazini mwa Zambia, kwa sababu mipaka iliyochorwa na Wabelgiji, Wajerumani na Waingereza ilipita katikati ya koo ambazo hazikuulizwa. Samaki mdogo yule yule anayekaushwa juani mchangani huitwa ndakala anapouzwa Kalemie, dagaa anapofika Kigoma na kapenta akipakuliwa Mpulungu, wala hakuna mchuuzi anayeshangazwa na majina hayo matatu. Binadamu ndiye anayetakiwa kuwa na jina moja, nchi moja na karatasi moja. Kwa upande wa Kongo hata hiyo karatasi moja ina mashaka, kwa kuwa kwa miaka mingi raia wa kawaida hakuwa na kitambulisho cha taifa, na kadi ya mpiga kura ndiyo iliyofanya kazi hiyo tangu uandikishaji wa 2005. Asiyekuwapo nchini wakati wa kuandikisha wapiga kura, na mkimbizi kwa kawaida hakuwapo, alikosa kadi, na asipokuwa nayo hupata shida kuthibitisha uraia wake hata mbele ya ofisa wa nchi yake mwenyewe, ile Idara Kuu ya Uhamiaji ambayo kila msafiri wa ziwani anaijua kwa herufi tatu, DGM.

Lugha nayo inastahili kutazamwa, kwani magazeti ya Kiswahili yamezoea neno "mhamiaji haramu" kiasi kwamba wengi hawalisikii tena. Haramu ni neno lililotoka katika sheria ya dini, nalo hutumika kwa kitendo kilichokatazwa, kwa nyama isiyoliwa, kwa mali ya wizi. Linapogandishwa juu ya mtu mwenyewe, Kiswahili kina mfano mmoja tu wa zamani unaokaribiana nalo, nao ni mwanaharamu, tusi ambalo mtoto hubebeshwa kwa kosa ambalo hakulitenda yeye. Mtoto wa shule anayesikia redioni kwamba baba yake ni haramu hana namna ya kujua kwamba kinachozungumzwa ni kibali kilichokwisha muda. Wanasheria hupendelea kusema mhamiaji asiye na kibali, au aliyeingia kinyume cha utaratibu, na hapo wana haki, kwa sababu kukaa nchini bila kibali mara nyingi ni kosa la karatasi, na karatasi inaweza kurekebishwa.

Mfano ulio karibu zaidi na wasomaji wa ukanda huu ni Operesheni Kimbunga ya Tanzania. Julai 2013 Rais Jakaya Kikwete aliwapa wageni wasio na vibali katika mikoa ya kaskazini-magharibi muda wa wiki mbili waondoke au wahalalishe ukaaji wao, na Septemba mwaka huo huo vikosi vya polisi, uhamiaji na jeshi vikaanza msako katika mikoa ya Kagera, Kigoma na Geita. Serikali ilikuwa na hoja zake, na si haki kuzipuuza: mabasi yalikuwa yakitekwa kwa bunduki katika barabara za Kagera, silaha zilizobaki kutokana na vita vya jirani zilikuwa zikizunguka, na wakulima walilalamikia makundi makubwa ya ng'ombe yaliyoingizwa katika hifadhi na mashamba. Lakini wavu uliotupwa kumnasa jambazi haukuwa na macho ya kumchagua. Warundi, Wanyarwanda na Wakongo kwa makumi ya maelfu walivuka mipaka katika miezi iliyofuata, baadhi kwa kukamatwa na baadhi kwa kukimbia kabla ya kukamatwa, na miongoni mwao walikuwamo watu waliokuwa wamekaa Tanzania kwa miongo, waliooa huko, wenye mashamba na mifugo huko, na ambao nchi waliyopelekwa waliijua kwa kuisikia tu. Shirika la Kimataifa la Uhamiaji, IOM, lililowapokea wengi wao, lilikuta waume waliotenganishwa na wake na wazazi waliotenganishwa na watoto, na shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, UNHCR, lilieleza hadharani wasiwasi wake juu ya namna zoezi hilo lilivyokuwa likiendeshwa.

Ili kuelewa jinsi mpasuko huo unavyotokea, ichukuliwe nyumba ya mfano ambayo si ya mtu yeyote. Mume alizaliwa Moba, akavushwa ziwa akiwa mtoto wakati wa vita. Mke ni Mha wa Kigoma, raia wa Tanzania kwa kuzaliwa. Watoto ni wanne, na kwa kuwa mama yao ni Mtanzania, wao pia ni raia. Sheria ya Uraia ya Tanzania ya mwaka 1995 inampa mwanamke wa kigeni aliyeolewa na Mtanzania njia ya kuomba uraia kupitia ndoa yake, lakini mwanamume wa kigeni aliyemwoa Mtanzania haimpi njia hiyo. Basi kama mke ndiye angekuwa wa Moba na mume ndiye Mha, nyumba hii ingekuwa na mlango wa kutokea, ila kwa jinsi ilivyo haina. Siku mume anapochukuliwa, sheria haijawagusa watoto hata mmoja, na kwa maandishi wote watano waliobaki ni wananchi wenye haki kamili. Hata hivyo mtumbwi wa kuvulia ulikuwa wa mume, deni la nyavu lilichukuliwa kwa jina lake, ada ya mtoto mkubwa ilitegemea msimu wa dagaa, na mama sasa ana mambo mawili ya kuchagua: kumfuata mumewe Kongo, ambako yeye ndiye atakayekuwa mgeni anayeulizwa karatasi, au kubaki na kuwa mama na baba kwa pamoja. Akichagua la pili, takwimu za serikali zitaonyesha mgeni mmoja aliyeondoshwa, na hazitaonyesha kitu kingine.

Nyumba hiyo, hata hivyo, haikuanza kuumia siku ya kukamatwa. Iliumia tangu tangazo lilipotoka redioni. Hapo ndipo uchunguzi uliofanywa mbali na ziwa hili unapowasaidia wasomaji wa hapa, kwa kuwa hofu ni kitu ambacho mwili hukipokea kwa namna moja kila mahali. Tarehe 12 Mei 2008 maofisa wa uhamiaji wa Marekani walivamia kiwanda cha nyama katika mji mdogo wa Postville, jimbo la Iowa, wakawakamata wafanyakazi 389, wengi wao kutoka Guatemala. Miaka kadhaa baadaye watafiti walichukua kumbukumbu za vizazi za jimbo zima la Iowa, si za Postville peke yake, wakalinganisha watoto waliozaliwa baada ya msako na wale waliozaliwa mwaka mmoja kabla, na katika makala iliyochapishwa 2017 wakaonyesha kwamba kwa akina mama wenye asili ya Amerika ya Kilatini hatari ya kujifungua mtoto mwenye uzito pungufu, yaani chini ya gramu 2,500, ilikuwa imepanda kwa asilimia 24, wakati kwa akina mama weupe haikupanda. La kushangaza zaidi ni kwamba ongezeko hilo liliwakuta hata wanawake waliozaliwa Marekani, ambao hakuna ofisa aliyeweza kuwafukuza. Mtoto alikuwa tumboni, mama alikuwa raia, msako ulikuwa kwenye mji mwingine. Na bado mizani ya hospitali ilisoma kitu.

Maelezo ya kitabibu si magumu. Mtu akiwa katika hatari mwili wake hutoa homoni, yaani vichocheo vya mwilini, mojawapo ikiitwa kortizoli, inayopandisha sukari ya damu na kuuweka moyo tayari kwa kukimbia au kupigana. Ni msaada mkubwa kwa mtu anayekutana na nyoka njiani, kwa sababu nyoka hupita na mwili hutulia. Hofu ya msako haipiti. Anayeishi akitega sikio kusikia gari likisimama nje, anayebadilisha njia ya kwenda sokoni kwa sababu kuna kizuizi cha polisi, hubaki na kichocheo hicho damuni wiki baada ya wiki, na mwili uliotengenezwa kwa dharura fupi huanza kuchakaa: usingizi hukatika, shinikizo la damu hupanda, tumbo huuma bila ugonjwa unaoonekana. Watoto wadogo, ambao hawajui neno kibali, huusoma uso wa mama. Mtoto aliyekwisha kuacha kukojoa kitandani huanza tena, aliyekuwa mchangamfu darasani hunyamaza, na mwalimu asiyejua kilichoko nyumbani humhesabu kuwa mzito wa kuelewa.

Mwanasosholojia Joanna Dreby, aliyechunguza watoto wa familia za Kimeksiko nchini Marekani na kuchapisha matokeo yake 2012, aliifananisha hali hiyo na piramidi: juu kabisa, kwenye ncha, wako watoto wachache ambao familia zao zimevunjwa kabisa na kufukuzwa kwa mzazi, chini yao wako wengi zaidi ambao nyumba zao zimebaki zikiyumba, mama akiwa amegeuka mlezi pekee, na kwenye msingi mpana wako wale ambao hakuna aliyekamatwa kwao, lakini wamekua wakiogopa polisi na wakiamini kwamba kuwa mhamiaji na kuwa mvunja sheria ni kitu kimoja. Neno haramu, likitumiwa kila siku hewani, linajenga msingi wa piramidi hiyo kwa Kiswahili.

Hofu ina njia yake nyingine ya kuua ambayo haihitaji homoni, nayo ni kuwaweka watu mbali na huduma. Mama asiye na karatasi humpeleka mtoto hospitali akiwa amechelewa, kwa sababu dirishani ataulizwa anatoka wapi. Chanjo hurukwa, kliniki ya wajawazito hukwepwa, na aliyepigwa na mumewe au kudhulumiwa mshahara na mwajiri haendi kushtaki, kwa kuwa mlango wa kituo cha polisi unaweza kufunguka upande mmoja tu. Waajiri wabaya wanalijua hilo, na baadhi ya askari pia. Wasomali wa Eastleigh mjini Nairobi, ambako Aprili 2014 operesheni iliyoitwa Usalama Watch ilikamata maelfu ya watu na kuwafungia wengi katika uwanja wa michezo wa Kasarani, walikuwa wameshazoea kusema kwamba polisi huwaona kama ATM, mashine ya kutolea fedha. Na katika msako huo watoto walibaki mjini huku wazazi wao wakipelekwa kwa nguvu kwenye kambi za Dadaab na Kakuma. Rushwa ya aina hiyo haiandikwi katika bajeti ya serikali yoyote, ila inatoka katika bajeti ya nyumba, na kwa kawaida inatoka kwenye fungu la chakula.

Liko pia jeraha ambalo mila za ukanda huu zinalieleza vizuri kuliko vitabu. Mtafiti wa Marekani Pauline Boss, tangu miaka ya 1970, amechunguza hali aliyoipa jina ambalo kwa Kiswahili linaweza kuitwa msiba usio na kaburi: mtu hayupo lakini hajafa, au yupo lakini si yule tena, na familia haijui ilie au ingoje. Kwa watu wa Ziwa Tanganyika kifo kina utaratibu wake. Watu hukusanyika, moto huwashwa uani, wanawake hulala chini pamoja na mfiwa, matanga huwa na siku zake na mwisho wake, madeni ya marehemu hutajwa, mjane na watoto hupangiwa atakayewaangalia, kisha maisha huendelea. Mume aliyepandishwa lori la wanaofukuzwa hana matanga. Jirani haji kulala nawe kwa sababu mumeo amerudishwa kwao. Ukoo haukai kikao kugawa wajibu, kwa maana mwenye wajibu yuko hai mahali fulani na huenda akapiga simu. Mke hawezi kuolewa na hawezi kusema ana mume. Na mtoto akiulizwa shuleni baba yuko wapi, hana jibu moja ambalo watu wazima wote nyumbani wamekubaliana. Miezi ikipita, simu nazo hupungua, kwa kuwa aliye upande wa pili ana aibu ya kupiga bila kutuma chochote.

Kuhusu aliyefukuzwa mwenyewe, picha ya mtu "aliyerudi nyumbani" hupotosha. Aprili 2014 polisi wa Kongo-Brazzaville walianza operesheni waliyoiita Mbata ya Bakolo, maneno ya Kilingala yenye maana ya kofi la wakubwa, na kabla ya mwisho wa Mei watu zaidi ya 130,000 walikuwa wamevushwa mto au wamejivusha wenyewe hadi Kinshasa. Oktoba 2018 Angola, katika msako wa wachimbaji wa almasi, iliwarudisha Wakongo zaidi ya 300,000 katika majuma machache, wengi wakiingilia Kasai, eneo ambalo lilikuwa limetoka tu kwenye vita vyake. Kati ya watu hao wapo waliokuta ndugu, na wapo waliokuta ardhi ya baba imeshagawanywa, kwani aliyeondoka zamani alihesabiwa kuwa hatarudi. Katika kijiji cha nyanda za juu anayerudi mikono mitupu hubeba pia swali asiloulizwa wazi, la nini alichokuwa akifanya huko miaka yote. Aliyefukuzwa huonekana kama aliyeshindwa, na wengi, badala ya kupanda hadi kwao, hubaki bandarini wakitafuta chombo cha kuvuka tena. Watawala wanaohesabu mafanikio kwa idadi ya waliopakiwa huenda wasijue kwamba sehemu ya mizigo hiyo imo njiani kurudi.

Si kila utekelezaji unahitaji lori, kwani kuzuiwa mahali pamoja kwa miaka nako ni namna ya kutekeleza sheria. Kambi ya Nyarugusu, iliyofunguliwa 1996 katika mkoa wa Kigoma kwa ajili ya Wakongo, ina watoto wa wakimbizi ambao sasa wana watoto wao, na Sheria ya Wakimbizi ya Tanzania ya 1998 inawataka wakae ndani ya eneo walilopangiwa isipokuwa kwa kibali cha kutoka. Mnamo 2017 mpango wa kuwapa baadhi yao msaada kwa fedha taslimu ulisimamishwa, na masoko ambamo walibadilishana bidhaa na wenyeji yakafungwa katika miaka iliyofuata. Baba asiyeruhusiwa kwenda kulima wala kuuza hupoteza pamoja na kipato ile nafasi yake ya kuwa baba, na wanaofanya kazi kambini wanajua kwamba ugomvi wa ndani ya nyumba hupanda pale mgawo wa chakula unaposhuka.

Kwa wengi wa Nyarugusu mlango uliobaki ulikuwa kuhamishiwa nchi ya tatu. Katika mwaka wa fedha wa 2016 Wakongo waliongoza wakimbizi wote waliopokewa Marekani, wakiwa 16,370, na leo Kiswahili cha Fizi, Uvira na Kalemie kinasikika katika makanisa ya miji ambayo babu zao hawakuwahi kuisikia. Mpango huo wa Marekani ulisimamishwa kwa amri ya Rais Donald Trump tarehe 20 Januari 2025, na watu waliokwisha kupita mahojiano, vipimo vya afya na ukaguzi wa usalama wakabaki walipokuwa, wengine wakiwa na nusu ya familia upande wa pili wa bahari.

Mlango wenyewe, hata ulipokuwa wazi, ulikuwa na kipimo ambacho Mwafrika wa kawaida angeona ni cha ajabu. Mwaka 2008 Marekani ilisimamisha njia iliyowawezesha wakimbizi waliokwisha kufika kuwaita jamaa zao, baada ya vipimo vya DNA, yaani vinasaba, vilivyoanzia Nairobi kuonyesha kwamba wengi walioandikwa kuwa watoto au ndugu hawakuthibitika kuwa wa damu moja, na njia hiyo haikufunguliwa tena hadi 2012, safari hii kipimo kikiwa sharti. Udanganyifu ulikuwapo, hilo halikanushwi, maana nafasi ya kwenda Marekani ilikuwa na bei. Lakini kipimo hicho hakina njia ya kumtambua mtoto wa dada aliyekufa vitani, aliyenyonyeshwa na mama mdogo na asiyejua mama mwingine. Kwa lugha ya ukoo yeye ni mtoto, bila kivumishi, na baba mdogo wake ni baba, ila kwa lugha ya maabara hao ni watu wasiohusiana kwa kiwango kinachotakiwa. Vita ndivyo vilivyozalisha familia za namna hiyo kwa wingi, na familia hizo hizo ndizo zilizokwama kwenye kipimo.

Afrika haikukosa sheria za kuzuia haya. Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na za Watu wa mwaka 1981, katika ibara ya 12, unakataza kufukuza wageni kwa makundi, na ibara ya 18 inaiweka familia chini ya ulinzi wa dola. Maneno hayo yamewahi kufanyiwa kazi, tena dhidi ya jirani wa karibu: Zambia iliwafukuza Waafrika Magharibi 517 mnamo 1992 baada ya kuwaweka kizuizini, na Tume ya Afrika ikaamua kwamba huko kulikuwa kufukuza kwa makundi, kwa kuwa hakuna aliyepewa nafasi ya kesi yake mwenyewe kusikilizwa. Tume hiyo hiyo iliamua 1999, katika shauri la wanasiasa William Banda na John Chinula waliotupwa Malawi na serikali ya Zambia, kwamba kuwatenga na familia zao kulivunja haki ya familia yenyewe. Chinula alikuwa ameshafariki ugenini. Maamuzi ya Tume hayana polisi wa kuyatekeleza, na pengine ndiyo sababu hayajulikani na wanaoyahitaji zaidi.

Itakuwa rahisi mno, hata hivyo, kwa msomaji wa jimbo la Tanganyika kuyasoma haya yote kama malalamiko dhidi ya Tanzania, Zambia, Angola na Marekani. Mwaka 1992 na 1993, jimbo hili likiwa bado sehemu ya Katanga, Wakasai waliozaliwa huko, raia wa nchi hiyo hiyo, waliitwa bilulu, yaani wadudu, na mamia ya maelfu yao wakaondoshwa makwao na makazini. Mei 2007 wakimbizi walianza kurudishwa kwa hiari kutoka kambi za Zambia, kwa meli kutoka Mpulungu hadi Moba. Miezi michache baadaye, mwanzoni mwa Agosti, uvumi ulipoenea kwamba Banyamulenge, Wakongo wa asili ya Kitutsi, nao wangerudishwa Moba, umati ulishambulia ofisi za mashirika ya Umoja wa Mataifa na kuwajeruhi waangalizi wake wa kijeshi. Wavuvi na wakulima ambao ndugu zao walikuwa wakishuka melini miezi hiyo hiyo, wenye vyeti vya ukimbizi mifukoni, waliwafungia wengine bandari hiyo hiyo.

Nyumba ya mfano ya Kigoma, kwa upande wake, bado haijamalizana na sheria. Sheria ya uraia ya Kongo ya tarehe 12 Novemba 2004 inasema kwamba uraia wa Kongo ni mmoja na wa pekee, hauchanganywi na mwingine, na unapita kwa mzazi yeyote aliye Mkongo. Ya Tanzania inamvumilia mwenye uraia wa nchi mbili mpaka utu uzima tu. Mtoto wa kwanza wa nyumba ile, aliyezaliwa na mama Mha na baba wa Moba, alikuwa wa pande zote mbili bila kujua. Anapotimiza miaka 18, ofisi ya mashariki mwa maji inamtaka aukane uraia wa baba, na ya magharibi haimhesabu kuwa wake akiushika wa mama. Kijana huyo anaweza kumwona baba aliyefukuzwa kwa kuvuka ziwa na kibali cha mgeni kinachohesabiwa siku. Nyuma yake wako wadogo zake watatu, na wa mwisho hajaanza shule.